Mchanga au samadi kwenye ua wa udongo wa mfinyanzi?

Nyumba mpya nyingi za Moshi huachiwa ua wa mfinyanzi ulioshindiliwa na malori ya tofali na kokoto. Masika yakianza Machi, maji yanatuama na mizizi ya ukoka inaoza.

Wengi hukimbilia mchanga. Tripu moja inamwagwa, inachanganywa juu juu, basi. Tafadhali usifanye hivyo! Mchanga kidogo huziba hata nafasi chache zilizokuwepo, na kiangazi ua unakuwa mgumu kama tofali. Ili ufae, lazima uzidi nusu ya udongo wote, na gharama hiyo ni kubwa mno.

Mimi nachagua samadi, ila iwe imeoza vizuri, maana mbichi huunguza nyasi. Iliyooza hukusanya chembe za mfinyanzi kuwa mabonge madogo, maji na hewa vikapita katikati, na minyoo huendelea kuchimba. Tandaza sentimita 5 hadi 8, kisha lima hadi kina cha sentimita 15 au 20, udongo ukiwa na unyevu, si tope. Wafugaji wa ng'ombe wa ndani wapo wengi Kilimanjaro, kwa hiyo haikosekani. Lakini huisha ardhini. Kila mwaka nyunyiza mboji iliyochekechwa juu ya nyasi.

Kama ua uko bondeni na unapokea maji ya jirani, chimba kwanza mtaro wenye mteremko.