Simbilisi wangu aligoma kula: uzoefu wangu na unga wa Critical Care, sirinji na mizani

Naandika hii kwa yeyote ambaye saa hizi ana simbilisi amejikunyata kwenye kona ya kizimba, manyoya yamemsimama, chakula hagusi. Mi nimeshapita hapo mara mbili, mara ya kwanza nikampoteza, mara ya pili nikamvusha, na uzoefu wangu ni wa vitu vitatu vilivonisaidia hiyo mara ya pili: unga wa kulishia mgonjwa unaoitwa Critical Care, unaotengenezwa na Oxbow, sirinji, na mizani ya kawaida ya jikoni.

Wa kwanza alikuwa Kijivu. Aliacha kula ijumaa nikasema ngoja nimwangalie, labda tumbo limemchafuka tu kesho ataamka sawa, kesho yake akalamba maji kidogo nikapata matumaini, jumapili asubuhi nikamkuta ameshakufa. Sikujua kwamba simbilisi sio kama mbwa anayeweza kususa siku mbili halafu akarudi kwenye bakuli. Utumbo wake unataka nyuzinyuzi zipite muda wote, mchana na usiku, kuna bakteria humo ndani wanaochachua majani na ndio wanaomlisha, sasa chakula kikikatika utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma ndio hataki kula kabisa, inakuwa duara. Juu ya hapo mwili unaanza kuyeyusha mafuta kwa fujo mpaka ini linaelemewa. Masaa 12 bila kula ni ya kumpigia daktari simu, masaa 24 ni dharura kabisa. Laiti ningelijua hilo ijumaa ile.

Baada ya Kijivu nilinunua pakiti ya Critical Care nikaiweka kabatini haijafunguliwa, nikiomba isihitajike.

Ikahitajika kwa Pamba, jike wa miaka mitatu. Jumamosi asubuhi niliingia na majani mkononi hakupiga ule mluzi wake, na huyu hata ukigusa mfuko wa plastiki chumba cha pili anapiga kelele nyumba nzima inasikia. Akaja mpaka kwenye jani, akalinusa, akalitia mdomoni, akaliachia likadondoka. Hiyo ya kuliachia likadondoka ikumbuke sana, ina maana anataka kula ila hawezi, sio kwamba hana hamu. Nikamshika nikaona kidevu kimelowa mate. Nikampima, gramu 871, na wiki mbili nyuma alikuwa 952. Yaani gramu 81 zimeondoka mi nikiwa namuona kila siku, na kwa macho sikuona kitu kwa sababu manyoya yanaficha! Mavi nayo yalikuwa machache, madogo, yamechongoka kama punje, badala ya yale manene ya mviringo mrefu.

Nikamkimbiza kliniki ya karibu. Daktari wa pale alimfungua mdomo akaangalia meno ya mbele tu, akasema meno mazima, labda ana maambukizi, akaniandikia amoxicillin ya kumnywesha. Hapa niwe wazi jamani maana ni suala la uhai: dawa za jamii ya penisilini, amoxicillin na ampicillin zikiwemo, na pia clindamycin, simbilisi hatakiwi kupewa kwa mdomo. Zinaua wale bakteria wazuri wa utumboni, wabaya wanashika nafasi na kumwaga sumu, na anaweza kufa kwa kuharisha ndani ya siku chache tu. Nilimuuliza daktari kwa heshima kama kuna dawa nyingine, akasema hiyo ndo anayotumia kwa wanyama wadogo. Nikamshukuru nikaondoka na dawa sikumpa. Nikapiga simu mpaka nikampata daktari mwingine anayetibu sungura na simbilisi kila siku, akasema nafasi ni jumatatu asubuhi, ila akaniuliza kwanza tumbo likoje, limevimba na kukaza kama mpira? Nikasema hapana, laini. Akasema basi anza kumlisha kwa sirinji sasa hivi, usisubiri, na asipopokea kabisa au tumbo likivimba nipigie usiku wowote. Tumbo likivimba hivo usimlazimishie chakula, mpeleke. Na akiwa wa baridi amelegea, mpashe joto kwanza kabla ya kumpa chochote.

Sasa unga wenyewe. Sehemu kubwa humo ni nyasi za timothi zilizosagwa, kwa hiyo ni nyuzinyuzi hasa, na umeongezwa vitamini C, kitu ambacho simbilisi kama sisi binadamu mwili wake hauwezi kujitengenezea. Unachanganya sehemu moja ya unga na mbili za maji ya uvuguvugu, unauacha dakika chache unyonye, unakuwa kama uji mzito. Kipimo cha kwenye pakiti ni mililita 50 za uji kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukigawa mara nne mpaka sita. Kwa Pamba ilikuja kama mililita 43 kwa siku, mara sita, saba saba hivi. Kwa maandishi inaonekana kitu kidogo.

Mara ya kwanza alipokea mililita 2 tu na zingine zikaishia kidevuni, kwenye taulo na kwenye shati langu. Nilikuwa nimekosea mambo mawili. La kwanza sirinji, nilichukua ile nyembamba ya mililita 1 kama ilivyo, nyuzi zikaziba kwenye tundu, nikisukuma haitoki, nikikazana inaruka yote kwa mpigo, na hiyo ya kuruka ndio mbaya zaidi maana anaweza kupaliwa chakula kikaingia mapafuni. Nikakata ile ncha ya mbele tundu likawa pana, kisha nikasugua ukingo mpaka ukawa laini kabisa usimchane. Kuna pia aina ya unga uliosagwa laini zaidi kwa ajili ya matundu membamba, ila wa kawaida ukishakata ncha unapita vizuri, na nyuzi zake ndefu kidogo ndio zinazoamsha utumbo, mi ningechagua huohuo.

La pili ni namna ya kumshika. Nilikuwa namgeuza chali kama mtoto mchanga, hapana, usifanye hivo. Mkalishe kwa miguu yake kama anavyokaa mwenyewe, mfunge kwenye taulo miguu ya mbele isitoke, mgongo wake uegemee tumbo lako ili asirudi nyuma. Sirinji inaingia kwa pembeni, kuna uwazi usio na meno kati ya meno ya mbele na magego, unaipitisha hapo ikielekea shavu la upande wa pili, sio moja kwa moja kooni. Unatoa kidogo sana, nusu mililita au pungufu, unasubiri. Atatafuna. Usimuongeze mpaka taya zisimame umeona amemeza. Ukiharakisha anakataa na raundi inayofuata atakukumbuka. Raundi zangu za mwanzo zilichukua dakika 40, mwishoni tulikuwa tunamaliza kwa 15.

Joto la uji nalo ni muhimu kuliko nilivodhani, ukipoa tu Pamba alikuwa anautema, kwa hiyo nilikuwa najaza sirinji nne tano nazilaza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Maikrowevu sikutumia, inachemsha upande mmoja na kumuunguza. Uji uliobaki unakaa frijini, ukipita siku moja unamwaga, na pakiti ikishafunguliwa nayo iweke frijini. Na ukimaliza kumlisha mfute kidevu hapohapo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mi usiku wa kwanza nilichoka nikaacha, asubuhi manyoya yameganda na ngozi chini imekuwa nyekundu, nilijisikia vibaya sana kumuongezea karaha juu ya ugonjwa.

Kutoka jumamosi jioni mpaka jumatatu asubuhi nililala kwa vipande. Kati ya raundi nilikuwa nampa maji kwa sirinji nyingine, kidogo kidogo, na nyasi kavu sikuziondoa mbele yake hata kama hazigusi. Mwenzake nilimwacha hapohapo, simbilisi akitengwa anaingiwa na huzuni na huzuni nayo inamkatisha kula, ila kwa kuwa wako wawili huwezi kujua mavi ni ya nani, ndio maana mizani. Jumapili 849, jumatatu 838. Bado alikuwa anashuka, lakini mavi yalirudi kutoka, na daktari alivoniambia hiyo ina maana utumbo unatembea nilikaa kwenye kiti nikalia.

Tatizo lilikuwa magego. Simbilisi ana meno 20 na yote yanaota maisha yake yote, ya mbele na ya nyuma, yanalika kwa kusagana akitafuna nyasi. Ya chini ya Pamba yalikuwa yameota yakainamia ndani mpaka yakakaribia kuufunika ulimi kama daraja, na moja lina ncha inamchoma. Haya huwezi kuyaona kwa kumfungua mdomo nyumbani, hata daktari alitumia kile kifaa cha taa cha kuangalia masikio, halafu akapiga na eksirei kuhakikisha mizizi iko salama. Kuyasaga ikabidi apewe nusukaputi. Niliuliza kama nimfungishe chakula kabla, akasema hapana, simbilisi hatapiki na utumbo wake ukikaa mtupu ndio hatari, yeye atamsafisha tu mdomo mabaki yatoke kabla ya kuanza. Alisema pia kwamba asingelishwa zile siku mbili asingethubutu kumlaza kwa dawa.

Kwa hiyo umuhimu wa huu unga nauweka hapo. Haukumtibu Pamba, ungeweza kumlisha mwezi mzima na lile jino lingeendelea kumchoma. Ulichofanya ni kumshikilia mpaka tukampata mtu wa kuliona jino. Naona watu wanalisha kwa sirinji wiki mbili tatu bila kumpeleka popote kwa kuwa anaonekana ana nafuu, mi siwezi kushauri hivo, kuacha kula huwa kuna sababu, ni meno, au mapafu, au mawe ya kibofu, au maumivu mahali fulani, na sababu itafutwe huku ukilisha.

Baada ya kusagwa meno nilidhani atakula siku hiyohiyo. Hakula. Misuli ya taya imechoka, mdomo una vidonda, na anakumbuka maumivu. Alipewa meloxicam ya maumivu, kipimo akapanga daktari, na vitamini C ya kuongezea kwa mdomo, sio kwenye chupa ya maji maana humo inaharibika haraka na ladha ikibadilika anaweza kuacha hata kunywa. Nikaendelea na sirinji. Siku ya tatu alivuta jani laini akalitafuna mpaka likaisha, siku ya tano nikamsikia usiku gizani ile sauti ya nyasi kavu zinavunjika, kru kru kru, nikawasha taa nikajua sijaota.

Kuacha sirinji nilifanya polepole, raundi sita zikawa nne, nne zikawa mbili, huku nampima kila asubuhi saa ileile kabla ya kula. Akishuka narudisha raundi, akisimama au akipanda napunguza. Nililisha siku 11 jumla. Hapo mizani ndo mwalimu kweli, mara mbili niliamini amepona kwa sababu alikuwa mchangamfu, kumbe kashuka gramu 14 na siku nyingine 9. Tafuta inayoonyesha gramu moja moja, mweke kwenye bakuli asikimbie, andika. Akiwa mzima mara moja kwa wiki inatosha, akipoteza gramu 50 hivi kwa wiki anza kumchunguza.

Kama umekwama usiku huu na unga huu huna, chukua peleti zake za kawaida za simbilisi, yaani ule msosi mkavu wa dukani wa vipande vidogo, zisizo na mbegu wala sukari, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka zivunjike, ponda ziwe uji, lisha kwa namna ileile mpaka ufike kwa daktari. Maziwa usimpe. Uji wa matunda matupu nao usimpe, sukari inawavuruga wale bakteria. Nilijaribu peleti siku moja niliyotaka kubana unga usiishe, zinafaa kwa dharura ila zinaziba sirinji zaidi na hakuzipenda, wakati Critical Care, yangu ilikuwa yenye ladha ya anisi, kufikia siku ya nane alikuwa anaishika sirinji kwa meno na kuivuta mwenyewe.

Daktari anataka kumuona kila baada ya wiki sita hivi kwa sababu meno yakishainama huwa yanarudia. Leo asubuhi alikuwa 917. Amepiga mluzi nikiwa bado niko mlangoni.