Spesa za rimu kwenye WRX: seti mbili nilizojaribu hapa Mbeya

Wadau wa Subaru huku Nyanda za Juu, ngoja niongee kuhusu spesa, vile visahani vya chuma vinavyokaa kati ya habu na rimu ili kusukuma tairi nje, maana kila nikipaki pale Kabwe lazima mtu ainame achungulie tairi za nyuma, "kaka hizo umeweka mm ngapi?", na hakuna hata mmoja anayeuliza tundu la kati ni ngapi wakati kesi yote iko hapo.

Gari ni Impreza WRX ya 2004. PCD (mpangilio wa stadi, zile bolti zinazoshika rimu) ni 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la mm 100, tundu la kati mm 56.1, stadi M12x1.25, yaani unene mm 12 na uzi unaosogea mm 1.25 kila mzunguko. Hizo namba zishike kichwani kabla hujatoa hela, maana STI, ile Impreza kali zaidi, kuanzia 2005 walihamia 5x114.3, kwahiyo muuzaji akikwambia "hizi za Subaru" bila kuuliza gari ni toleo gani, we aga tu uondoke.

Seti ya kwanza niliitoa duka moja Mwanjelwa, jina naliacha. Ni vile visahani vya mm 5 vya kuchomeka, vina matundu kibao kama chujio la chai, eti vinaingia gari zote. Kuingia vinaingia kweli ila tundu la kati ni pana, ukikisukuma kwa kidole kinahama kwenye habu huku na huku, na ile shingo ya habu inayobeba rimu inabaki kipande kidogo tu. Barabara ya kwenda Igawa ukifika 90 kiti kinaanza kutetemeka. Halafu piga hesabu ya nati: uzi wa 1.25 maana yake mm 5 inakula mizunguko minne, na stadi ya mm 12 inatakiwa ishikwe angalau mm 12 za uzi, yaani kama mizunguko kumi hivi. Ukihesabu wakati wa kufunga ukapata sita au saba, fungua rudisha dukani. Mimi nilirudisha, jamaa alinuna lakini alipokea.

Seti ya pili ndio ninayotembelea sasa, mm 20, zina stadi zake, aluminiamu iliyogongwa na kugandamizwa sio ya kumiminwa kwenye kalibu, tundu 56.1 kamili na kwa nje ina shingo yake ya kubeba rimu. Niliagiza Kariakoo ikaja na basi. Bei inauma, sitawaficha. Ila ilivyokaa kwenye habu ilibidi fundi aigonge kidogo na nyundo ya mpira ndio ikazama, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kabla ya kulipa chukua nati ya gari yako uizungushe kwa vidole kwenye stadi za spesa, seti nyingi zinazouzwa huku ni uzi wa 1.5 wa Toyota, nati ya Subaru inaingia kidogo halafu inakwama, na kuna mafundi hapo wanaongeza bomba kwenye spana!

Kwanini sio 15? Kwa sababu kwenye 15 stadi za gari zinachomoza zaidi mbele ya spesa, rimu isipokuwa na vishimo kwa nyuma haikai flati.

Kero zake zipo. Nati zinazoshika spesa zimejificha ndani, boksi la kawaida la kufungulia nati haliingii, tafuta jembamba. Na ukishatembea kama kilomita 100 lazima utoe tairi ukazikaze tena, hakuna njia ya mkato. Mimi nafunga kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 100, sio kwa kurukia spana. Tukuyu na mvua zake nako aluminiamu inagandana na habu, piga brashi ya waya kwanza, paka grisi kidogo kwenye shingo, kwenye uzi usipake.

Barabarani? Nimeweka nyuma tu, kona za kupanda Chunya mkia umetulia ila pua inachelewa kidogo kuingia, mwenye kupenda gari inayogeuka haraka hatafurahi. Kwenye zile mifereji ya malori njia ya Tunduma gari inavutwa zaidi kuliko zamani. Beringi nazo zinabeba mzigo zaidi, kwahiyo watu watano na magunia ya viazi nyuma sahau, madigadi italamba tairi kwenye tuta la kwanza.

Wenye Toyota Altezza tundu lenu la kati ni 60.1 na uzi 1.5, Nissan nyingi 66.1 na uzi 1.25. Msije mkaazimana.