Vimelea vya malaria: kandokando ya Ziwa Victoria na Kambodia

Kimelea cha Plasmodium falciparum kinapatikana pande zote mbili, lakini utofauti wake wa vinasaba haulingani hata kidogo.

Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako maambukizi ni mengi, mtoto mmoja anaweza kuwa na nasaba kadhaa za kimelea katika damu yake kwa wakati mmoja; mbu aina ya Anopheles anapomfyonza, chembe za kiume na za kike za nasaba hizo hukutana tumboni mwa mbu huyo na kuchanganya jeni, hivyo michanganyiko mipya huzaliwa daima. Kambodia, ambako maambukizi ni machache, mgonjwa kwa kawaida hubeba nasaba moja, na nakala zinazofanana ndizo zinazosambaa.

Ni rahisi kudhani kwamba utofauti mdogo ni nafuu. Kwa upande wa chanjo kuna ukweli, maana RTS,S, chanjo ya malaria, imeundwa kutokana na protini ya nasaba moja tu. Kwa upande wa dawa, sikubaliani: vimelea vyenye badiliko la C580Y katika jeni ya kelch13, ambalo huchelewesha artemisinini, dawa kuu ya malaria, kuviua, vilienea Kambodia, Thailand, Laos na Vietnam bila mchanganyiko wa jeni wa kutosha kuivunja nasaba yao. Hata hivyo utofauti wa Afrika si kinga, kwani badiliko la R561H, la jeni hiyohiyo na lenye athari kama hiyo, lilizuka Rwanda kwenyewe, bila kuletwa kutoka Asia, na limekwisha kuonekana Kagera, Tanzania, ambako ufuatiliaji wa vinasaba unastahili kupewa fedha sawa na vyandarua.