Duka la kubadilisha hela Namanga, lile la kaunta buku

Kwa anayevuka Namanga kuja Tanzania na shilingi za Kenya, hapa nawapa nyota tano kabisa. Dada wa dirishani ana kaunta buku la rate za kila siku, jalada limeshikwa na selotepu, ukiuliza anafungua anakuonyesha kwa kidole. Mi nilitaka kujua mbona Januari 2024 mia ya Kenya ilinipa 1,500 na kitu tu, halafu Aprili ikawa inakaribia elfu mbili, akanifungulia kurasa zote mbili akaeleza dola ilifika 160 za Kenya ikashuka mpaka kwenye 130 wakati huku kwetu ilibaki 2,500 na ushee. Jamani nikaelewa! Mzee mmoja kwenye foleni akaongezea 1966 hela zilipotengana zilikuwa sawa kwa sawa, shilingi kwa shilingi, na ni kweli. Mchana foleni ndefu, na noti zilizochanika hawapokei. Ila rate nililinganisha na ya benki kuu kwenye simu, wanakata kidogo sana, wale wa mkononi pale nje walitaka kunipunja vibaya. Beba kitambulisho, risiti wanatoa bila kuombwa.