Daftari la fadhila 13: linapofaa na linapokwama

Madaftari mengi ya kujipima tabia yanafuata mpango wa Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18: fadhila (tabia njema) 13 kwenye mistari, siku 7 kwenye safu, na nukta nyeusi kila unapoteleza. Kila wiki fadhila moja hupewa uangalizi wa pekee. Wiki 13 zikiisha unaanza upya, kwa hiyo mwaka mmoja unabeba mizunguko 4.

Kwa kiasi cha chakula, utaratibu na matumizi ya fedha, ni chombo kizuri sana. Kasoro ni ile sentensi iliyochapwa juu ya ukurasa. "Kuwa na kiasi" haipimiki, na mtu hujisamehe kila jioni. Ifute, uandike jambo linalojibika kwa ndiyo au hapana: sikumkatiza mtu kabla hajamaliza kusema, sikusambaza ujumbe nisiouthibitisha, simu haikuwa mezani wakati wa kula. Mambo mawili kwa fadhila yanatosha. Yakizidi, jioni inageuka kazi ya karani na daftari linaachwa.

Chukua lisilo na tarehe. Lenye tarehe, ukikosa wiki mbili, kurasa tupu zinakusuta na wengi huishia hapo. Saizi ya A6 inaingia mfukoni na visanduku vyake bado vinasomeka. Tumia penseli laini, 2B. Karatasi ya daftari la Franklin ilitoboka kwa kukwanguliwa alama, akahamia kwenye kurasa za pembe ya ndovu: mistari kwa wino mwekundu, alama kwa penseli, kufuta kwa sponji yenye maji.

Upungufu mkubwa uko kwenye orodha yenyewe. Fadhila kuu nne za Wagiriki na Warumi ni busara, haki, ujasiri na kiasi. Katika zile 13, ujasiri haumo. Ukinyamaza mwenzako akidhalilishwa kikaoni, mstari wa "ukimya", mojawapo ya zile 13, unabaki safi kabisa! Daftari linakusifu siku uliyopaswa kusema. Ongeza mstari wa 14 wa ujasiri, nao uujaze kinyume: alama unapotenda, si unapokosa.

Kati ya matoleo mawili yanayofanana, nunua lenye ukurasa mtupu mkabala na jedwali. Hapo yanakaa maswali matatu ya jioni ambayo Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliyapokea kutoka kwa Sextius, mwanafalsafa aliyemtangulia: leo umeponya ubaya gani, umepinga kosa gani, umekuwa bora katika lipi. Mstari mmoja kwa kila jibu, kabla ya kuweka nukta yoyote.