Burkini niliyoshonesha kwa fundi: nimekimbia nayo na kuogelea nayo kipupwe kizima

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakisha ni ya zipu tu, nitaifikia.

Nianze na nguo yenyewe maana ndo kila mtu ananiuliza tukikutana pwani. Ni burkini, yaani nguo ya stara ya kuogelea, ya vipande vitatu, suruali, kanzu fupi inayofika juu ya magoti, na kofia inayofunika kichwa na shingo mpaka kifuani, nilishonesha kwa fundi mmoja wa kike Mchangani, hapa mjini Unguja, mwanzoni mwa mwezi wa sita, na sasa hivi mwezi wa tisa ushaanza, kwa hiyo nimeivaa kipupwe chote mara tatu kwa wiki, wiki nyengine nne. Siyo nguo niliyojaribu mara moja nikaja kuisifia, ishakula chumvi, jua na mchanga wa kutosha.

Kabla yake nilikuwa na moja niliyoagiza mtandaoni kutoka Dar, 95,000 na elfu kumi ya kuisafirisha, picha nzuri mashaallah, ilipofika kitambaa chepesi kama utandu wa kitunguu. Nikaivaa kwenye bwawa wiki kadhaa, na klorini ya bwawa inakula ule mpira uliofumwa ndani ya kitambaa, ikaanza kulegea makalioni na magotini na ikirowa inaonesha. Nilipowaandikia wakanambia rangi nyeusi haioneshi, basi. Ile ndo ilinifanya niseme mie nakwenda kununua kitambaa mwenyewe nikiwa nakishika kwa mkono wangu.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nguo hii asilimia kubwa ni kitambaa. Laikra, vile vitambaa vinavyovutika, zipo tele madukani lakini siyo zote za maji. Nilizunguka maduka matatu, la tatu ni la mzee mmoja, nikamwambia "Ami, naweza kukirowesha pembe?" akanipa chupa yake ya maji ya kunywa, "rowesha mwanangu, kikirowa ndo utakijua." Nikarowesha, nikakivuta juu ya ngumi yangu mpaka vifundo vya vidole vikajitokeza, nikakipeleka mlangoni kwenye jua. Ngozi haikuonekana. Nikakiachia kikarudi vile vile bila kulegea. Kivute urefu na kivute upana, kama kinavutika upande mmoja tu kiache, utanyanyua mkono kuogelea na kwapa litakubana. Pamba usinunue kabisa hata kama ina mvuto, inakunywa maji inakuwa nzito na mabwawa mengi ya mahoteli hawaitaki.

Mita mbili na nusu kwa 14,000 ni 35,000. Ushonaji 35,000. Mpira wa kiuno 2,000, zipu 1,500. Jumla 73,500. Kwa hiyo imenitokea rahisi kuliko ile ya mtandaoni na imekaa mwilini mwangu mie siyo mwili wa yule dada wa kwenye picha.

Fundi kwanza alinihoji. Unaogelea au unakaa tu majini? Unanyanyua mikono? Unakimbia nayo? Akanipima nikiwa nimesimama halafu akanambia niinue mikono yote miwili juu akanipima tena mgongo, tofauti ilikuwa karibu vidole vinne, na hiyo akaiongeza. Ameshona kwa ovaloki kisha akapita zigizaga, maana mshono wa kawaida ulionyooka kwenye kitambaa kinachovutika unakatika uzi siku ya kwanza tu ukipiga mbizi. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni vikamba viwili ndani ya kanzu vinavyofungwa kwenye kiuno cha suruali. Wanaoogelea na kanzu wanajua, ukiingia majini hewa inaingia chini, kanzu inapanda kama puto mpaka usoni na wewe unahangaika kuishusha badala ya kuogelea. Kwa vile vikamba haipandi. Kitu kidogo mno lakini ndo kinachonifanya nimsifu fundi huyu.

Sasa kwa nini kipupwe. Watu wengi nnaowajua wakianza kusikia kusi inavuma wanaacha mazoezi, wanasema baridi, mama yangu mwenyewe kila nkitoka ananambia "hiyo kusi itakuingia kifuani." Namheshimu mama yangu, navaa koti nkimaliza, lakini mie naona kwetu huu ndo msimu wa kukimbia kuliko wote. Baridi yetu ni nini, alfajiri nyuzi 21 au 22, mchana 28. Ukimbie mwezi wa pili au wa tatu, kaskazi imekufa na jua linachoma saa moja asubuhi, ukirudi umeshaloa jasho kichwa kinauma. Halafu masika barabara zote madimbwi. Kipupwe hewa kavu kidogo, upepo upo, na mtu anayetafuta zile dakika 150 za mazoezi kwa wiki wanazozitaja Shirika la Afya Duniani anazipata bila kujitesa.

Nna sababu yangu pia. Kwetu sukari imepita kwa bibi na kwa ami zangu wawili, na kipupwe ndo msimu mtu anakula hasa, urojo wa moto jioni, mkate wa mofa, chai mara tano. Mwaka juzi nilisimama miezi mitatu na kuanza tena kukanipa taabu, pumzi haikuwepo. Mwaka huu nkasema sisimami.

Mpango wangu ni hivi, na unategemea maji siyo saa ya ukutani. Pwani ya Mbweni ninayokwenda maji yakipwa yanakwenda mbali mno, unabaki na tope na mikoko, hakuna pa kuogelea. Bamvua, yaani zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, likiwa kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu Unguja inafika karibu mita nne. Na uzuri wake bamvua linafuata mwezi, kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni ndo ratiba yangu, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji yanajaa karibu na saa kumi jioni, halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Natoka kazini saa tisa na nusu, saa kumi na nusu nipo ndani ya maji. Wiki ya maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo tu, yanajaa saa nne asubuhi nkiwa kazini, basi wiki hiyo ni ya kukimbia tu, nikishasali alfajiri natoka, mwezi wa saba jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu kwa hiyo kuna kama saa nzima ya ubaridi mzuri barabarani. Sijawahi kuwa na mpango uliokaa kama huu, wiki moja miguu, wiki moja mabega, na magoti yangu yanapata kupumzika bila mie kukaa kitako.

Siku za bamvua naunganisha vyote viwili, nakimbia kutoka Mazizini kwa kuzunguka mpaka Mbweni, simu inasema kilomita nne na kidogo, nkiwa nimevaa hii burkini chini na juu fulana pana, nafika navua raba na fulana naingia. Hapo ndo nilitaka kujua kama inafaa kukimbilia. Jibu langu, kipupwe inafaa, kaskazi sidhani. Kitambaa cha maji hakipitishi jasho vizuri, kwa kilomita nne na upepo wa kusi unakupiga ni sawa, lakini siku moja nilikwenda nane mgongo ukawa umerowa kabla sijafika pwani. Kukimbia nayo ikiwa imerowa ndo usifanye, nilijaribu mara moja kurudi mbio, chumvi na mchanga vikanichubua ndani ya mapaja siku tatu natembea kwa tabu. Sasa nabeba suruali kavu na khanga kwenye mkoba, shoga yangu anaushika.

Majini ipo vizuri sana. Bahari mwezi wa nane inashuka kama nyuzi 25, dakika ya kwanza unashtuka lakini mwili ukishaanza kazi husikii tena, na mie naona hii nguo inapunguza ule ubaridi kidogo, zaidi ya fulana ya pamba. Imenikinga na konyeza pia, siku moja wenzangu wawili wamewashwa mikononi mie nimeguswa kiganja tu. Baridi yenyewe haipo majini, ipo ukitoka, nguo imerowa na kusi inavuma, meno yanagongana. Chupa ya chai ya tangawizi na koti vikusubiri pale pale juu ya mchanga, usingojee mpaka ufike nyumbani.

Rangi nilikosea mwenyewe. Nilichagua buluu iliyoiva kwa stara, na buluu ndani ya bahari haionekani kabisa, shoga yangu aliyekuwa amekaa ufukweni alinambia "nilikupoteza mara mbili, moyo ukanipasuka." Tangu siku ile naogelea nkiwa nimefunga dumu tupu la lita tano la rangi ya manjano kwa kamba kiunoni, linanifuata nyuma, nikichoka nalikumbatia na ngarawa zinaniona. Na naogelea sambamba na ufukwe, kina cha kifua, siendi nje, kusi ikichafua bahari mkondo unakuchukua bila kukwambia. Peke yako usiende, hata uwe hodari vipi.

Sasa zipu. Fundi aliweka zipu ya chuma, ya shaba ile ya rangi ya dhahabu, mgongoni mpaka shingoni. Wiki ya tano nikatoka majini Magharibi inakaribia, nikavuta, haishuki. Shoga yangu akavuta, haishuki. Tukaangalia kwa tochi ya simu meno yake yameota kijani na chumvi nyeupe imeganda katikati, kile kichwa kimekwama palepale chini ya kisogo. Nikajifunga khanga mbili juu ya nguo iliyorowa nikapanda bodaboda mpaka nyumbani natetemeka, Magharibi ikanipita nikaiswali kwa kuchelewa, na hilo ndo lililoniuma zaidi. Mama akapaka mshumaa kwenye meno, akapaka tena, akavuta taratibu karibu nusu saa mpaka ikaachia.

Kesho yake nikampelekea fundi. Hakubishana. Akaishika akaitazama akasema, "Hii chuma shoga, makosa yangu, pwani haitaki chuma." Akaifumua na kuweka ya plastiki yenye meno makubwa, hakunitoza ufundi, nililipa zipu tu 2,500, na safari hii akaiweka mbele ili nijivue mwenyewe bila kumwita mtu. Tangu hapo haijakwama hata mara moja. Kwa hiyo mkishonesha, zipu ya plastiki na iwe mbele, semeni kabla hajakata kitambaa.

Kuitunza ni kazi ndogo. Nkifika tu naisuuza kwa maji baridi ya bomba, siyo sabuni ya unga, siikamui kwa kuisokota, naikunja ndani ya taula naikandamiza, halafu naianika kivulini imegeuzwa ndani nje. Jua la moja kwa moja linaimaliza kama klorini. Mpaka leo haijalegea magotini, mshono wa kwapa la kulia tu ndo unaanza kutoa uzi, kama sentimita mbili, nao nadhani ni kwa sababu mkono wa kulia ndo ninaovuta kwa nguvu zaidi.

Kofia ndo sehemu nyengine ya kurekebisha. Ilikuwa pana kidogo masikioni, nikigeuza kichwa kuvuta pumzi inabaki nyuma na jicho moja linazibwa. Nilitia mpira mwembamba pembeni ya uso kwa mkono wangu, ikakaa. Miwani ya kuogelea mie naivaa juu ya kofia, siyo chini yake.

Jumatano nimempelekea kitambaa chengine, cha rangi ya machungwa iliyowaka, kile cha Ami yule yule, mita moja na nusu. Ni ya binti yangu, ana miaka tisa, kanisubiri ufukweni kipupwe chote na dumu lake mkononi. Zipu ya plastiki nimeinunua mwenyewe nikaifunga ndani ya kitambaa, na vikamba vya kiunoni nimemwambia fundi aviache virefu, mtoto anakua.