Machozi, Jasho na Damu: Kofi la Professor Jay Limetua Kwetu

Oya wanangu, karibuni tena. Leo sirudii historia. Rapa Professor Jay mnamjua, kundi lake la Hard Blasters mnalijua, prodyuza P-Funk Majani na studio yake ya Bongo Records mnaijua. Kama huijui, simamisha video, kamuulize kaka yako mkubwa, halafu urudi. Tunaichambua "Machozi, Jasho na Damu", albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, 2001.

Naruka moja kwa moja hadi "Ndio Mzee", maana nimeisikiliza mpaka majirani wanaitikia. Vaeni hedifoni. Jamaa anaingia kama mgombea jukwaani, sauti nzito, anamwaga ahadi. Mwanzoni unasema aah, hizi tumezizoea. Anapandisha. Mabomba yatoe maziwa! Wanafunzi wakasomee mwezini! Na hacheki, anachana kavu kabisa. Sasa ngoja nirudishe nyuma kidogo, safari hii muacheni yeye, sikilizeni umati tu. Ahadi ya kawaida: "Ndio mzee!" Ahadi ya kichaa: "Ndio mzee!" Nguvu ileile, hakuna hata mmoja anayeguna. Mmeisikia? Watu wote wanasema ngoma hii inawachana wanasiasa. Mimi naona mgombea kapigwa kibao chepesi tu, kofi lenyewe tumelamba sisi tunaoitikia. Na kumbukeni tulikuwa ndio kwanza tumetoka kwenye uchaguzi wa 2000, ahadi bado za moto masikioni.

Halafu mwaka 2015 huyohuyo anagombea ubunge Mikumi kwa tiketi ya Chadema, na anashinda! Yule mgombea wa kwenye wimbo sasa ni yeye, jukwaa la kweli, umati wa kweli. Natamani nimuulize walipomwitikia alijisikiaje. Rapa mwenzake Sugu naye alishaingia bungeni 2010 kupitia Mbeya Mjini, ila Sugu tumwache, nikimgusa hapa tutalala hapahapa. Ana video yake inakuja.

Kabla sijasahau, fulana za chaneli zimerudi. Saizi kubwa zimeisha, msinitumie meseji za hasira.

"Bongo Dar es Salaam" naipitia haraka: mji wa wajanja na matapeli, kila mtu anamvizia mwenzake. Mistari mikali, ila picha ya mji ushaishika kabla wimbo haujafika katikati. Wengine mnaiweka juu ya "Ndio Mzee". Hapana. Hii inakuonyesha mtaa, ile inakukamata shati.

Kinachonikera ni sauti. Nakala niliyonayo imetolewa kwenye kaseti iliyochoka, besi imekufa, biti za Majani zinasikika kama zimefungiwa kabatini. Nikatafuta kaseti halisi, nikampata muuzaji, bei aliyonitajia nikadhani ananiuzia na redio. Nikamuuliza, "Redio iko wapi?" Akanikatia simu.

Alama? Nilipanga nane. Lakini nikiwaza kwamba mtu anachana siasa hivi, na mabinti na wazee wanaimba naye kwenye daladala, nampa tisa. Hiyo moja nimeibana kwa sababu katikati kuna sehemu anahubiri badala ya kuigiza, na akihubiri namsikiliza kwa heshima tu.

Wiki ijayo albamu ya "Nini Chanzo" ya Juma Nature, rapa wa Temeke. Watu wa Temeke, najua mnakuja na mawe. Njooni.